Bi Esha na Barua Iliyotoa Salamu

Pale Shela, kijana akipeleka posa, wa mwisho kujua kama atapewa mke ni yeye mwenyewe, na wa kwanza ni Bi Esha. Wazee wa binti wakishapokea posa husema tu, "Tutashauriana," halafu mtu mmoja huchomoka uani akaenda kugonga kwa Bi Esha. Naye hujitanda buibui lake, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga. Siku mbili baadaye anarudi na habari za kijana zima zima, tangu alipoachishwa ziwa hadi juzi alipogombana na fundi cherehani juu ya suruali. Ameulizia posa ishirini na tatu na hajakosea hata moja. Ya ishirini na nne nusura imshinde, na kinachochekesha ni kwamba safari hiyo hapakuwa na binti wa mtu. Kilichoposwa kilikuwa nyumba yake.

Lakini kwanza lazima mjue anavyofanya kazi, maana kuna watu wanadhani kuulizia posa ni umbeya. Bi Esha ukimwambia hivyo atakutazama mpaka utafute pa kujificha. Ana kanuni moja tu: hamwulizi mposaji, hamwulizi mshenga, na njia atakayoonyeshwa na mshenga haipiti. Mshenga akimwambia, "Ukitaka kumjua kijana wetu, nenda kwa fulani," huko kwa fulani ndiko asikokwenda. Anakwenda mtaani kwa kijana mwenyewe, kwa mlango anaoujua yeye, kwa watu asiotarajiwa. Mara moja mshenga wa bwana mmoja wa Amu alimpa hata namba ya simu ya mwajiri wa bwana huyo. Bi Esha alishukuru, akaikunja karatasi, akapanda boti mpaka Mkokoni alikosikia bwana ana shughuli za samaki. Akakuta shughuli mbili, kila moja ina nyumba yake na watoto wake. Alicheka njia nzima ya kurudi hadi nahodha akamwuliza kama yu mzima.

Kucheka ndiyo tabia yake kubwa. Bi Esha huanza kucheka kabla ya kusimulia, kwa hiyo hadithi zake nyingi watu wamezisikia kicheko tu, maneno hayakufika.

Mumewe, Jaafar, alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa mikono yenye grisi na moyo wa mtoto. Miaka tisa iliyopita alisikia kwamba nyumba inaweza kupata wageni kupitia tovuti moja iitwayo Mgeninjoo. Akaoga, akavaa kanzu kabisa, akaketi mbele ya kompyuta ya kuazima, akafungua akaunti kwa kidole kimoja, kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Vyumba vitatu, roshani, picha za kitanda cha pembeni na mkate wa sinia juu ya meza. Wageni wakaja. Wakija wanaondoka wameandika maoni, na maoni yakajaa mpaka yakafika mia tatu na kumi na moja. Watu wa nchi ambazo Bi Esha hawezi kuzitamka waliandika habari za Jaafar aliyewafundisha kuvua kamba, Jaafar aliyewabeba kutoka kwenye boti ili wasilowe, Jaafar aliyeimba vibaya kila asubuhi. Miaka miwili sasa Jaafar amefariki, Allah amrehemu. Bi Esha ameendelea na nyumba peke yake. Anaishi kwa wageni hao, na wageni hao huja kwa sababu ya maoni hayo. Maoni yakipotea, nyumba yake inakuwa moja ya nyumba mia za Shela zenye vyumba na roshani.

Basi. Mwezi uliopita ikaingia barua pepe kwenye simu yake. Bi Esha hufungua barua pepe asubuhi, chai ikiwa mkononi, miwani imekaa ncha ya pua.

"Habari Jaafar," ilisema. "Tunasasisha taarifa za wenye akaunti. Akaunti yako haijathibitishwa tangu ilipofunguliwa. Tafadhali ingia kwenye Mgeninjoo kama ilivyo kawaida yako, nenda sehemu ya Taarifa Zangu, uthibitishe kuwa wewe ndiye mwenye akaunti. Mwisho ni Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu, saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo akaunti itafungwa pamoja na maoni yake. Hatutakuomba neno la siri wala namba ya siri kwa barua pepe. Ryan, Huduma kwa Wenyeji."

Bi Esha aliweka kikombe chini. Hakuna salamu. Hakuna hujambo. Na ameandikiwa nani? Ameandikiwa maiti! Mtu gani wa kweli asiyejua kwamba Jaafar amekufa? Mui mzima wa Shela ulikuja mazikoni, mpaka watu wa Kizingitini walikodi boti tatu. Akaifuta barua ile kwa hasira, kidole kikiikandamiza simu hadi mkono ukamwuma. Wiki ya pili ikaja nyingine, maneno yale yale. Akaifuta. Wiki ya tatu ikaja tena, akaifuta huku akiitukana kwa adabu, yaani kwa Kiarabu.

Halafu Alhamisi yenyewe, tarehe ishirini na tatu, baada tu ya sala ya alasiri, ikaingia ya nne, na hii ilikuwa barua ya mtu aliyelelewa.

"Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Bi Esha wetu mpendwa," ilianza, na Bi Esha akajikuta anaketi vizuri. "Twakupa pole kwa kuondokewa na mzee wetu Jaafar, Allah amlaze pema. Twajua umeiendesha nyumba kwa subira, na mkate wako wa sinia unasifiwa dunia nzima. Mama, akaunti yako inafungwa leo. Ili kuiokoa, bonyeza hapa chini, uandike neno lako la siri, kisha namba sita zitakazoingia kwa simu. Fanya upesi, mama, saa moja tu imebaki. Ni mimi mwanao, Fahmi."

Bi Esha aliisoma mara tatu. Mara ya pili alitabasamu na ya tatu alifuta miwani. Anajua mkate! Anajua msiba! Na ametoa salamu kamili, hakubakiza hata neno.

Na salamu, kwa Bi Esha, si kitu cha kuachwa hewani. Kutoa ni sunna, kujibu ni lazima. Kwa hiyo hakubonyeza kitu kwanza. Alijibu. Aliandika wa alaykumu salaam nzima nzima, akashukuru kwa rambirambi, akamwombea Fahmi maisha marefu, akamwuliza hali yake, hali ya mamake, hali ya kazi, na kama huko aliko kumenyesha. Mistari kumi na miwili. Akaituma, akaona raha kabisa.

Kabla hajatafuta neno la siri, aliona afadhali apate rai ya mtu wa barua. Ng'ambo ya kichochoro, mlangoni pake, alikuwa ameketi Bwana Mohdhar, aliyefanya kazi posta miaka thelathini na moja na tangu astaafu hajaacha kukagua karatasi zinazopita mbele yake, hata za kufungia mandazi.

"Bwana Mohdhar, hebu nitazamie barua hini," akamwambia akimpa simu.

Bwana Mohdhar aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaipindua akatazama na mgongo wa simu. "Hini ni barua," akasema kwa heshima. "Ina salamu, ina rambirambi, ina sababu, ina sahihi. Siku hizi mtu haandiki hivi. Hunu mefundishwa na wazee."

"Na nyingine zile hukuziona. Zaanza 'Habari Jaafar.'"

"Jaafar!" Bwana Mohdhar akashika kifua. "Jaafar wetu? Basi hao ni wezi, Bi Esha, bila shaka. Mtu asiyeyuwa nani mefa na nani yu hai, si wa kupewa hata mayi ya kunwa. Hunu Fahmi ndiye. Mjibu upesi, asikuone huna adabu."

Hapo Bi Esha akawa na rai mbili na zote ni moja. Akapanda ghorofani mbio mbio, kadiri magoti yalivyomruhusu, akafungua kasha ambamo Jaafar aliweka karatasi zake. Neno la siri hajawahi kuliandika maishani, kwa sababu programu ya Mgeninjoo Jaafar aliiacha wazi kwenye simu na haijapata kumwuliza kitu. Akapekua vyeti, risiti za vipuri, picha ya mashine ya boti aliyoipenda kama mtu mwingine anavyopenda picha ya mkewe, mpaka akapata kidaftari chenye neno la siri. Akashuka nacho. Akabonyeza pale palipoambiwa. Ukurasa ukafunguka, mzuri, una rangi zote za Mgeninjoo, una sehemu tupu ya kuandika neno la siri. Akalamba kidole.

Simu ikalia. Fahmi amejibu, na hata dakika ishirini hazikupita! Furaha aliyokuwa nayo Bi Esha, mtu angedhani ni barua ya posa yake mwenyewe.

"Alhamdulillah, mama, sote wazima. Mama yangu pia mzima, akusalimu sana. Tafadhali bonyeza upesi, muda unakwisha."

Mamake amemsalimu! Bi Esha akaacha ukurasa ulivyo. Mtu aliyetumiwa salamu na mama wa mtu hawezi kuendelea na shughuli bila kujua mama huyo ni nani. Akaandika: "Wa alayha salaam. Mamako yuko wapi, mwanangu?"

"Yuko nyumbani kwetu, Kizingitini, mama. Bonyeza sasa."

"Kizingitini!" Bi Esha akapiga kelele peke yake sebuleni, paka akatoka. Kizingitini ameulizia posa nne. Kizingitini anamjua kila mwanamke kwa jina na kwa mapishi. Akaandika kwa haraka hata vidole vikagongana: "Kizingitini wewe mwana wa nani? Nyumba yenu iko mtaa upi?"

Safari hii jibu lilikawia kidogo. Bi Esha akangoja, simu iko mapajani, macho yanang'aa. Likaja.

"Nyuma ya stendi kubwa ya mabasi, mama. Kila mtu anatujua."

Kizingitini kuna boti, kuna kamba wa kuuza, kuna ngalawa zimelala ufukoni, kuna punda, kuna pikipiki zinazopiga kelele kuliko mwendo wake. Stendi ya mabasi, kubwa, yenye nyumba nyuma yake, Bi Esha alijaribu kuiweka pale akaona haikai. Akaiweka karibu na msikiti, akaona mabasi yamepanga foleni baharini. Akaanza kucheka. Alianza taratibu, kisha kicheko kikamshika sawasawa, akaegemea ukuta, akateleza mpaka sakafuni na buibui lake limemfunika uso. Hivyo ndivyo Ghada alivyomkuta.

Ghada ni binti wa nduguye Bi Esha, mpokea wageni katika hoteli moja kule upande wa mchangani, msichana wa miaka ishirini na saba anayezungumza na simu mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa ametoka zamu, saa kumi na moja, amekuja kunywa chai.

"Shangazi! Umeanguka?"

"Stendi," akasema Bi Esha akionyesha simu. "Stendi ya basi. Kizingitini!" Na kikamshika tena.

Ghada aliichukua simu, akasoma, na uso ukambadilika. "Shangazi, umeandika neno la siri hapa? Niambie ukweli. Umeandika?"

"Sijaandika. Nalikuwa nauliza habari za mamake kwanza."

Ghada akaketi chini kando yake. "Alhamdulillah. Huyu ni tapeli, Shangazi. Hata ukurasa wenyewe si wa Mgeninjoo, wameuchora tu ufanane. Ungempa neno la siri na hizo namba sita, angeingia kwa akaunti yako, angekufungia nje, halafu wageni wako wote wangekuwa wake. Yaani hiyo salamu yenyewe ni bait. Ni chambo!"

"Lakini yuwayuwa mkate wangu!"

"Kila mtu anajua mkate wako. Umeandikwa kwenye maoni. Msiba pia umeandikwa, yule mgeni wa mwaka jana aliandika kwamba Jaafar amefariki na Bi Esha bado anapika mkate wa sinia. Fahmi amekaa pale akasoma, basi. Hajui kitu chochote kisichosomeka na watu wote."

Bi Esha alijisikia joto la aibu likimpanda toka shingoni. Ishirini na tatu! Posa ishirini na tatu hakudanganyika, na sasa amepitishwa na mshenga kwa salamu moja na sifa ya mkate. Mshenga gani hana adabu? Kazi ya mshenga si ndiyo hiyo, kuwa na adabu? Na njia aliyomwonyesha, "bonyeza hapa", si ndiyo ile ile karatasi yenye namba ya mwajiri? Akajipiga kipaji cha uso kwa kofi, akacheka tena, safari hii akijicheka mwenyewe, na kicheko hicho kilimponya.

"Mpe jibu lake," akasema akiigonga simu kwa kidole. "Mwandikie: familia imeketi imeshauriana, posa yako haikukubaliwa. Msalimie mamako stendi."

"Usimjibu tena hata neno! Ukimjibu anajua kuna mtu, atazidi kukuandama."

"Salamu nalijibu, hiyo ni lazima. Hini ya kukataa nitamwambia hapa hapa." Na Bi Esha akaisogeza simu mdomoni akaikatalia kwa sauti, kwa maneno yote rasmi, akamshukuru kwa kuwaheshimu, akamwombea apate mwingine aliye bora. Ghada alikuwa anacheka mpaka machozi, huku anaifuta barua na kumripoti Fahmi.

Halafu Ghada akaacha kucheka. Alikuwa ameingia kwenye barua zilizofutwa.

"Shangazi. Hizi za Ryan mbona umezifuta?"

"Hao ndio wezi wenyewe. Soma uone. Wamwandikia Jaafar."

Ghada alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akatazama saa. "Hizi zinaonekana za kweli. Hii inasema leo, saa kumi na mbili. Mbona hukuniambia?"

"Za kweli gani, mwanangu? Hawayuwi hata kwamba mefa!"

"Nani alishawaambia?"

Bi Esha akafungua mdomo ajibu. Alimwambia chifu, alimwambia kadhi, aliwaambia watu wa benki, aliwaambia watu wa umeme. Akaufunga.

"Shangazi, Ryan hakai Shela," akasema Ghada, polepole sasa. "Hawezi kujua ila lile tuliloandikisha. Tuliandikisha Jaafar, anaandika Jaafar. Fahmi ndiye aliyejua zaidi ya inavyompasa. Tena angalia, Ryan hakupi pa kubonyeza. Anakwambia ingia mwenyewe kama kawaida. Hataki neno la siri."

"Nawe usiniambie nimwamini kwa barua yake," akasema Bi Esha, akaketi wima. Yule Bi Esha wa posa alikuwa amerudi, ungemwona ungejua. "Nimedanganywa na barua moya yeo, sitaki kubishana na ya pili. Barua haiulizwi. Mwenye barua haulizwi. Nipe simu, nende mtaani kwao kwa ndia yangu mwenyewe."

Akaifunga barua ya Ryan, akafunga kila kitu. Akarudi mwanzo wa simu, akatafuta kile kialama kidogo cha Mgeninjoo ambacho Jaafar alikiweka hapo kwa kidole chake, akakigusa. Programu ikafunguka kama kila siku. Akaingia sehemu ya Taarifa Zangu, asikowahi kukanyaga. Na huko ndani, kwenye nyumba yao wenyewe, mahali ambapo Fahmi hangeweza kuweka hata sindano, kulikuwa na ubao mwekundu: *Jaafar, thibitisha leo kabla ya saa 12 jioni. Zimebaki dakika 41.*

"Ni wa kweli!" akapiga kelele Bi Esha. "Ryan ni wa kweli! Hana adabu, lakini ni wa kweli!"

Huko nje Bwana Mohdhar alisikia kelele akaja hadi mlangoni, akaambiwa mambo yote kwa pumzi moja. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nami nalikuwa nimeshaona," akasema. "Barua ile ya Fahmi haikuwa na stempu." Wakacheka wote watatu, na yeye akacheka zaidi yao, kisha akakumbuka birika lake liko motoni akakimbia.

Zikawa zimebaki dakika thelathini. Wakapiga picha kitambulisho cha Bi Esha, mbele na nyuma. Mtandao ukazunguka, ukakata, ukarudi. Ghada akapanda roshani akiwa ameinua simu juu, Bi Esha nyuma yake amemshika nguo asianguke. Kitambulisho kikaingia. Dakika kumi na tisa.

"Sasa nieleze kitu kimoja," akasema Ghada wakingoja ukurasa mwingine. "Kila mgeni akilipia chumba, barua inakuja, 'Hongera Jaafar, umepata mgeni.' Hizo umezipokea miaka miwili, zimejaa humu, hata moja hukuifuta. Hizo hukuona ni za wezi?"

Bi Esha akatazama upande wa matenki ya maji ya jirani. "Hizo hazimtaki kitu," akasema. "Zamwambia hongera tu. Hini ya Ryan yamtaka ende akathibitishe kwamba ni yeye." "Ataendaje, mwanangu?"

Ghada alimshika mkono shangazi yake, na ukurasa ukafunguka.

*Jina la mwenye akaunti*, kulikuwa kumeandikwa, na ndani ya kisanduku: Jaafar. Bi Esha akachukua simu mwenyewe. Akafuta herufi moja moja, akaandika Esha. Chini yake kulikuwa na swali: *Sababu ya kubadilisha jina.* Palikuwa na tatu za kuchagua: ameuza, amehama, amefariki. Kidole kilipita juu ya "amehama" kikakaa hapo kidogo, kikashuka kwenye "amefariki".

Hapo ndipo ilipomjia, na ilimjia yote kwa pamoja. Alikuwa amemzika mbele ya watu, amekaa eda, amegawa nguo zake, ameongoza khitima. Mui mzima unajua, na Kizingitini inajua. Palibaki mahali pamoja tu duniani ambapo Jaafar alikuwa bado mwenyeji, bado anapongezwa kila mgeni akija, na mahali hapo alikuwa amepalinda yeye, kwa hasira, kwa kufuta kila barua iliyogonga kuuliza.

Simu ikamwuliza tena, kwa maandishi makubwa: *Je, una uhakika?* Na chini yake vitufe viwili: *Ndiyo* na *Rudi nyuma*.

"Rudi nyuma!" akasema Bi Esha. "Ghada, yasema eti naweza kurudi nyuma!" Akaangua kicheko kilekile kinachojulikana Shela nzima, akacheka mpaka akainama, na alipoinuka alikuwa analia, na hakukificha kimojawapo. Ghada akamtazama, akatazama saa, hakuthubutu kumhimiza.

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Bi Esha akafuta mikono kwa buibui, akafuta na kioo cha simu, akabonyeza *Ndiyo*.